Kabla hujabadilisha sili ya shokapu, tafuta kilichoiua

Shokapu ya mbele ya pikipiki ikianza kuvuja, kila mtu atakuambia jambo moja: badilisha sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke. Na kweli, mara nyingi utaishia kuibadilisha. Lakini sili haifi bure. Kuna kitu kimeikata, kimeisukuma kutoka ndani au kimeilalia upande mmoja, na kama kitu hicho bado kipo, sili mpya itapita njia ileile, halafu lawama atabebeshwa muuza spea. Kwa hiyo mimi huanza na bomba, lile la chuma linalong'aa ambalo huteleza ndani ya sili. Spana baadaye.

Kabla hata ya bomba, angalia breki. Kama oili imeteremka hadi kwenye diski au pedi, pikipiki hiyo isitembee. Diski inasafishika kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki. Pedi zilizokwisha kunywa oili usihangaike nazo, nunua nyingine. Wapo wanaozichoma moto na kuzipiga msasa. Zinashika kidogo, kisha siku ya kufunga breki ghafla ndipo utakapojua. Kwenye shokapu zilizopinduliwa, zile zenye bomba linalong'aa upande wa chini, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu sili iko juu na oili hufuata bomba moja kwa moja hadi kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

Haya, bomba. Lifute kwa kitambaa, kisha lipitishie pamba au soksi nyepesi ya nailoni kulizunguka lote, hasa ile sehemu inayoingia na kutoka unapofunga breki. Nyuzi zinaponasa, hapo pana mkwaruzo au kidonda cha kutu, hata kama jicho halikioni. Thibitisha kwa ukucha. Kidonda kidogo chenye ncha iliyoinuka kinatibika: chukua msasa wa maji, namba 1000 halafu 2000, uloweshe kwa oili, sugua ile ncha tu mpaka ukucha upite bila kukwama. Usisugue bomba zima ukidhani unaling'arisha. Kromu ni nyembamba, na ukiimaliza umeikaribisha kutu. Bomba lililokwisha kuliwa mashimo mengi kwenye njia ya sili halina dawa ya msasa; lipigwe kromu upya au libadilishwe. Ukikataa gharama hiyo, kila sili utakayonunua itakuwa ni kutia maji kwenye pakacha.

Bomba likiwa safi, bado usikimbilie kufungua. Uvujaji mdogo mara nyingi ni chembe ya mchanga tu iliyojibana chini ya mdomo wa sili. Inua sili ya vumbi, ule mpira wa nje unaofunika sili yenyewe, taratibu kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa utepe. Kata kipande cha plastiki nyembamba, jalada la faili au ubavu wa chupa ya maji hutosha, ukiacha ndoano ndogo mwishoni. Kiingize kati ya bomba na sili, kizungushe, kivute juu. Kitatoka na tope jeusi. Rudia mpaka kitoke safi, futa, shika breki ya mbele na ubonyeze usukani mara kadhaa, kisha endesha siku mbili tatu uone. Bomba likibaki kavu, kazi imekwisha na hujatoa hata boliti moja. Chuma cha aina yoyote kisiguse mdomo wa sili.

Ikiendelea kuvuja, ndipo ufungue. Vipimo na mpangilio vifuate kitabu cha pikipiki yako. Mimi nitasema yale ambayo watu huyaruka.

Pikipiki ikae imara, imeinuliwa chini ya injini. Legeza kifuniko cha juu wakati bomba bado limebanwa chini yake, ila kwanza ilegeze boliti ya juu inayolibana bomba hilo, la sivyo kifuniko kitagoma. Boliti iliyo chini kabisa ya mguu wa shokapu, yaani ile sehemu ya chini ambamo bomba huingia, nayo ilegeze springi ikiwa bado ndani, kwa sababu mgandamizo wa springi ndio unaozuia fimbo ya ndani isizunguke pamoja na boliti. Ukitoa springi kwanza, utaizungusha boliti hiyo mpaka jioni. Kifuniko kikikaribia kutoka, kibonyeze kwa kiganja na uso wako uwe mbali, springi hukirusha. Kalipa ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa breki.

Oili ya zamani huwa ya kijivu na inanuka. Hiyo isikushtue. Ikiwa na chembe nyingi zinazometameta, kagua bushi, zile pete ambazo bomba huteleza juu yake. Toa klipu, ule waya wa duara unaoishikilia sili, kisha sili. Kwenye shokapu zenye bushi ya juu, unashika mguu wa chini na kuvuta bomba kwa mishtuko mifupi, sili inatoka pamoja na bushi. Nyingine hung'olewa kwa kuinuliwa, na hapo weka kipande cha mbao ukingoni, maana mguu ni wa alumini na mkwaruzo kwenye kikao cha sili ni njia mpya ya oili. Sili ikigoma kutoka, umwagie mguu maji ya moto.

Sili hununuliwa kwa vipimo. Zimeandikwa namba usoni, kwa mfano 31-43-10.3, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene kwa milimita. Badilisha pande zote mbili hata kama unaovuja ni mmoja. Upande wenye maandishi utazame juu, ule wenye kispringi chembamba utazame oili. Ncha ya bomba ivalishe mfuko wa plastiki uliopakwa oili ili isikate mdomo wa sili inapopita. Kisha weka sili kuukuu juu ya mpya na uigongee kwa kipande cha bomba la plastiki kinachoenea, sawasawa pande zote, mpaka mfereji wa klipu uonekane mzunguko mzima. Nyundo na bisibisi, ukigonga huku na kule, huipinda kabla haijaanza kazi. Washa ya shaba ya boliti ya chini nayo iwe mpya.

Kwenye oili ndiko sili nyingi mpya huuawa. Mtu anaona pikipiki inazama mno anapofunga breki, anaongeza oili ili iwe ngumu. Juu ya oili ndani ya shokapu kuna nafasi ya hewa, na oili ikizidi nafasi hiyo hupungua. Shimo moja barabarani, hewa inagandamizwa kupita kiasi, na shinikizo linatafuta pa kutokea. Linatokea kwenye sili. Ugumu utafute kwenye springi au kwenye uzito wa oili, yaani ilivyo nzito au nyepesi. Pikipiki nyingi hutumia oili ya uzito wa 10W, na Honda yenyewe iliandika ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, katika vitabu vya pikipiki zake nyingi za miaka ya 1970 na 1980. Kiasi kipimwe kwa kimo: springi iwe nje, bomba lishuke hadi mwisho, lipampu taratibu mpaka mapovu yaishe, kisha pima kwa rula kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa oili. Pande zote mbili zilingane.

Wakati wa kufunga gurudumu, kaza ekseli, lakini boliti ndogo inayoibana ekseli chini ya mguu iache legevu. Shusha pikipiki, bonyeza shokapu mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe, ndipo uikaze. Hatua hii huchukua dakika moja, na mafundi wengi huiruka. Miguu isipolingana, bomba huegemea upande mmoja wa sili kila linaposhuka, na utaona uvujaji umeanzia upande huohuo tu.

Mwisho, usiondoke kabla hujabana mkono wa breki mara kadhaa. Pedi zilirudi nyuma ulipotoa kalipa, na mara ya kwanza mkono huo utafika hadi kwenye usukani bila kushika kitu.