Kabla hujamchangia nauli

Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai haina utani. Wanaolala kwenye vibaraza vya maduka pale Mwanjelwa hujifunika viroba na vipande vya turubai, na alfajiri unawakuta wamezunguka jiko la muuza chapati wakiota moto. Ndiyo miezi watu huingiwa na huruma, na wazo huwa lilelile: tumchangie nauli arudi kwao.

Ninauza chakula maeneo ya Kabwe, na mimi na wenzangu wachache tumekuwa tukihangaika na watu hawa kwa miaka. Ushauri wangu: nauli iwe ya mwisho. Muulize kwanza, ukifika nani atakufungulia? Binti mmoja aliyekuwa dada wa kazi Dar alinijibu, "Nani wa kunifungulia, dada? Nyumba ya mama kaka kashaiuza." Huyo ukimpandisha basi la Makete umemhamishia tabu yake stendi nyingine. Wapo pia wajane waliofukuzwa na shemeji zao kabla hata matanga hayajaisha.

Pa kuanzia ni serikali ya mtaa anakolala. Asiye na mtaa hana barua ya utambulisho, na bila barua hiyo kitambulisho cha taifa cha NIDA ni ndoto, laini ya simu ya jina lake ni ndoto, hata TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, hawamjui, maana majina ya kaya hizo hupitishwa kwenye mkutano wa wakazi. Nenda naye mwenyewe. Akienda peke yake ataambiwa "wewe si wa hapa" na hatarudi tena. Mwenyekiti akisita, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii. Kama kata haina, yupo halmashauri. Akiwa mgonjwa, hospitali ya serikali nayo ina ofisi ya ustawi inayoshughulikia msamaha wa gharama kwa wasiojiweza. Pitieni hapo mapema, msisubiri bili.

Mtoto ni habari nyingine. Aliye chini ya miaka 18 analindwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo usimchukue ukakaa naye kimyakimya hata kama nia yako ni safi. Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

Sasa chumba, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja (madalali mtanisamehe). Kwa mtu aliyekuwa akilala nje hizo ni hela za kuota. Sisi huacha vyumba vya katikati ya mji, tunatafuta kuelekea Uyole au Isyesye, kwa mwenye nyumba anayeishi palepale. Bibi anayekaa peke yake mara nyingi hukubali kodi ya mwezi mwezi akipata mdhamini anayemfahamu. Mdhamini asiwe mtu wa maneno tu: aache namba yake, na mwezi ukiyumba apokee simu.

Kodi mpe mwenye nyumba mkononi, mpangaji akiwepo, na karatasi iandikwe jina la mpangaji, si lako. Nimeona mwenyekiti aliyekuwa mgumu akilainika baada ya kuonyeshwa karatasi ya daftari la shule yenye jina, tarehe na sahihi mbili. Kibarua nacho hakisumbui sana mtu akishakuwa na pa kuogea na kufua; wapakia viazi hawaulizi vyeti, ila hawamtaki anayenuka moshi wa takataka.

Usimkabidhi ufunguo ukaondoka. Mnunulie godoro, ndoo na blanketi mbili nzito za mtumba. Jiko la mkaa mpe, lakini mwambie waziwazi, na mwambie tena wiki inayofuata: likishaivisha chakula linalala nje. Aliyezoea kuota moto kibarazani hajui kwamba moto huohuo ndani ya chumba kilichofungwa dirisha unaua mtu akiwa usingizini, na kila msimu wa baridi huku kwetu tunasikia misiba ya namna hiyo.