4,294,967,297 siyo namba tasa
Umeuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe. Hapana mkuu, siyo tasa, inagawanyika kwa 641 bila baki, unapata 6,700,417. Najua inadanganya kwa sababu inaishia na 7 na ukijumlisha tarakimu zake unapata 59, kwa hiyo 2, 3 na 5 zote zinagonga mwamba, na wengi wakijaribu vigawo hadi 100 hivi wanakata tamaa wanasema basi hii ni tasa. Hata Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati Mfaransa, aliamini hivyo, maana namba hiyo ni 2 kipeo cha 32 ukiongeza 1, na wenzake wa muundo huo waliotangulia (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16 ukiongeza 1) yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537 kweli ni tasa zote. Euler, mwanahisabati Mswisi, ndo alikuja kuipasua mwaka 1732, na hakuhangaika kujaribu kila namba, alijua kigawo chochote tasa cha hii lazima ukikigawa kwa 64 kibaki 1, sasa ukipita njia hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu hiyo 641, yaani ya tano tu ushamaliza kazi, na mambo yote kwa mkono.

Hivyo viwili, 641 na 6,700,417, ni tasa kwa hiyo 4,294,967,297 haina kigawo kingine zaidi ya hivyo, 1 na yenyewe. Ila ukitaka kuhakiki angalia kalkuleta yako, zile ndogo za tarakimu nane hazitaimeza, zidisha kwenye karatasi tu.