Je, "siriasi" ni "makini"?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Niliandika "hali ikiwa siriasi, nenda kituo cha afya". Mwenzangu kadai "siriasi" si Kiswahili, kalifuta na kuweka "makini" kila mahali. Yuko sawa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hayuko sawa, na swali hili hunijia kila uchao. Kila likija, nyuma yake yupo bingwa wa kusahihisha wenzake ambaye hajafungua kamusi.

Makini ni sifa ya mtu au ya namna anavyofanya jambo: akili iliyotulia, isiyopapatika. Neno lina asili ya Kiarabu, na huko hubeba maana ya kuwa imara. Ndiyo maana fundi huwa makini, na mkataba husomwa kwa makini. Ugonjwa hauna akili ya kutulia. "Mgonjwa makini" ni yule anayemeza vidonge saa ileile kila siku. Aliye taabani kitandani ni mgonjwa mahututi. "Ajali makini" nayo, sijui, labda imepangwa na watu waangalifu.

Siriasi lenyewe halinikoseshi usingizi. Kijiweni mtu akisema "jamaa yuko siriasi" kaeleweka, na mwandishi wa hadithi aliache papo hapo kinywani mwa mhusika. Kinachonichosha ni imani kwamba neno moja la kigeni sharti lipate neno moja la Kiswahili. Kiswahili kiliigawa kazi hiyo zamani: kosa kubwa, ajali mbaya, suala zito, nia ya dhati. Asiyetania hana mchezo. Jambo unalolipa uzito umelitilia maanani. Ukilishughulikia kwa nguvu zako zote, umelivalia njuga. Hakuna makini hata moja hapo.

Sasa kuna hawa wanaopokea kazi ya tafsiri kwa bei ya chee, wanaibandika kwenye programu ya simu, wananakili kilichotoka na kudai malipo. Kwenye tangazo la sabuni tutacheka yaishe. Kwenye karatasi ya dawa sicheki. "Madhara makini" humpumbaza msomaji, kwa sababu makini siku zote ni neno la kusifu. Anaweza kudhani dawa imepongezwa. Nanyi mnaowapa kazi hizo mnajua mnachonunua.

Katika sentensi yako "hali ikiwa mbaya" ingetosha kisarufi, lakini wauguzi wa kliniki wana msemo wao ambao kina mama wameshauzoea: dalili za hatari. Utumie huo, kisha uzitaje dalili zenyewe: "Ukiona dalili za hatari, kama kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, kutoona vizuri au mtoto kuacha kucheza tumboni, wahi kituo cha afya mara moja." Mwenzako akitaka kuifuta na hiyo, mwambie aipeleke kwanza kwa mkunga.