Anayeanza mwacheni apande hiyo 457

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza kuhusu pikipiki ya Aprilia RS 457, huyu mdogo wake RS 660 aliyetengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, kwamba je ni spoti ya kweli ya kujifunzia au mtu ataichoka mapema. Mi jibu langu ni kwamba anayeanza aichukue, tena bila kuona aibu, na wale wanaomwambia "utaichoka baada ya miezi miwili, chukua ya cc 600 moja kwa moja" wanamkosea sana.

Hiyo kauli nimeisikia mara nyingi mno na karibu kila mara anayeisema ni mtu mwenye miaka kumi barabarani, keshasahau siku za mwanzo zilivyokuwa. Mi sijasahau. Spoti yangu ya kwanza ilikuwa ya cc 300 na kidogo na siku naiangusha wala sikuwa mbio, nilikuwa nageuza pale ninapoegesha, usukani nimeukunja mpaka mwisho, kidole gumba kimebanwa kati ya mshiko na tangi, nikashtuka nikaminya breki ya mbele. Basi ikaanza kulala, polepole kabisa, unaiona, mguu unajikaza kuizuia na unashindwa, halafu unasikia leva ya klachi imekatika na plastiki ya ubavuni inakwaruza chini. Nikaiinua mwenyewe. Anayeanza anaangukia pale, kwenye sipidi ya mtu anayetembea kwa miguu, kwa hiyo mtu akiniuliza pikipiki gani inamfaa mi naanza na kilo na urefu wa kiti, nguvu za farasi baadaye.

Na hapo 457 iko vizuri. Ikiwa na mafuta ni kama kilo 175, ambayo kwa spoti ya silinda mbili ni nyepesi. Kiti ndo kiko juu kidogo, milimita 800, wakati Yamaha R3 ni 780, na hizo sentimita mbili mtu mrefu hazioni ila mfupi anazisikia vizuri sana akisimama kwenye mteremko, kwa hiyo wewe ambaye si mrefu kaikalie kwanza ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, uone kama nyayo zinafika chini zote mbili, usidanganywe na picha.

Haya, tuje kwenye farasi maana ndo mabishano yote yapo hapo. Ina kama 47, yaani kilowati 35, na hiyo namba haikuokotwa, ndo kikomo cha leseni ya A2 Ulaya, ile ya pikipiki za nguvu ya kati, tangu 2013. Kaka yake 660 ana kama 100. Watu wanaona ni nusu, wanacheka. Lakini hebu fikiria 600 ya silinda nne, mfano Yamaha R6, ile ni zaidi ya farasi 110 na kilele chake kiko juu huko mzunguko wa injini unapopita elfu kumi kwa dakika, chini inaenda kipole mpaka anayeanza anajiona keshaizoea, halafu siku moja yuko katikati ya kona anavuta mafuta kidogo zaidi na inaamka yote kwa mpigo. Hii nimeionja. Jamaa yangu alinipa 600 yake nikiwa na miezi mitatu tu ya kuendesha, nikapita kwenye tuta nikiwa nimeanza kuvuta, mwili ukarudi nyuma, kifundo cha mkono kikashuka chenyewe na mafuta yakaongezeka, na kadiri inavyoniruka ndivyo nilivyozidi kuning'inia kwenye ule mshiko, yaani mkono uleule ninaojishikia ndo unaoongeza moto. Niliirudisha nzima, namshukuru Mungu, ila mikono ilitetemeka muda mrefu. Kosa hilohilo nililifanya kwenye ile ndogo yangu zaidi ya mara moja, ikanisukuma kidogo ikaisha.

Injini ya 457 pia imepangwa nyuzi 270, yaani silinda zake mbili hazilipuki kwa kupishana sawasawa, na inavuta tokea chini, huhitaji kuikamua ndo iondoke, na kuna modi tatu, ya mvua, ya kubana mafuta na ya spoti, pamoja na ABS, ile breki isiyoacha tairi ligande, na kidhibiti cha tairi kuteleza. Vizuri vyote, ila breki jifunze kwa vidole vyako, kuminya taratibu halafu ndo uzidishe, hiyo ABS iwe ya siku mbaya. Kitu kinachonisumbua kwenye hizi spoti zote za wanaoanza ni zile plastiki, mtu unajua kabisa ataangusha halafu unamvalisha bodi nzima ya kuvunjika, kwa hiyo funga vile vigingi vya pembeni vya kukinga siku ileile ya kwanza kabla hujatoka nayo.

Na hili la kuichoka, mwaka 2018 Ana Carrasco alichukua ubingwa wa dunia wa Supersport 300, mbio za spoti ndogo, juu ya Kawasaki Ninja 400, mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwenye mbio za pikipiki za barabara za mtu mmoja mmoja, na ile ni pikipiki ya darasa hilihili, cc 399. Ukiniambia umeimaliza ndani ya miezi miwili mi nitaomba kwanza kuangalia tairi lako la nyuma. Yangu nilikaa nayo miaka mitatu, siku naiuza tairi lilikuwa limelika mpaka ukingoni kulia na kushoto. La yule jamaa yangu wa 600 lilikuwa limelika katikati tu, limekuwa bapa kama la gari, na pembeni vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vipo, yaani kwenye kona alikuwa hailazi.