Msiahirishe kukarabati paa kwa sababu ya utabiri

Ndugu yangu, umesema utabiri unataja vimbunga vichache msimu huu kwa sababu ya El Niño (hali ya maji ya Pasifiki ya tropiki kuwa na joto kuliko kawaida), na mnataka kuahirisha kukarabati paa la nyumba yenu huko Grenada, katika Karibi. Nakusihi, msiahirishe.

Utabiri ule hukadiria idadi ya dhoruba katika Atlantiki nzima. Hausemi ipi itapiga kisiwa gani. Ni kweli El Niño hufanya upepo wa juu angani uvume tofauti sana na wa chini, na dhoruba nyingi huvurugika kabla hazijakomaa. Lakini mwaka 1992 dhoruba zilizopewa majina zilikuwa 6 tu, na ya kwanza, Andrew, iliharibu vibaya Bahamas na kusini mwa Florida. Hapo kwenu Grenada, kimbunga Ivan cha mwaka 2004 kiliharibu karibu nyumba 9 kati ya 10. Kimbunga Beryl nacho kilikipiga Carriacou, kisiwa kingine cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024, msimu ukiwa na mwezi mmoja tu.

Fundi aje kabla ya Juni, aangalie hasa jinsi kenchi zilivyofungwa kwenye kuta. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Novemba, fuatilieni taarifa za kila siku za hali ya hewa; hizo ndizo zitakazowaambia lini mhame.