Barua kwa mwanangu: futi sita au futi tano

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Salamu zako na za mkwe wangu zimefika, na babako amenituma nikwambie kuwa kiuno chake ni afadhali kuliko mwezi uliopita. Umeniuliza kama zile shilingi 20,000 mlizoziweka mnunue godoro la sponji la futi sita kwa sita mlimalize, au mzitoe ziwe arubuni ya godoro la springi la ukubwa huo huo na salio mlilipe kidogo kidogo kila mwezi. Jambo hili halienei kwenye ujumbe wa simu, kwa hivyo nimeketi kukuandikia, na Rukia atakuletea barua hii atakapopita Tudor.

La springi nitalimaliza mapema, kwa sababu naona hata wewe moyo wako haupo huko. Lina sifa yake, sikatai: ndani yake ni wazi na hewa hupita, na katika joto la kaskazi mtu hupata raha ambayo sponji haimpi. Lakini sisi ni watu wa kisiwani Mombasa, hewa yetu ina chumvi, na chuma cha bei ya chini hapa hakidumu. Nyaya zile zikishaanza kushika kutu hulia kila mtu anapojigeuza, kisha siku moja waya mmoja hutoboa kitambaa. Zile za bei ya juu huenda zikastahimili, ila hizo sizo mnazoziulizia. Halafu nyumba yenu iko orofa ya tatu na ngazi zake zina kona nyembamba, na godoro la springi la futi sita halikunjiki, ilhali la sponji hukunjwa, likafungwa kamba, likapita. Na kuhusu kulipa kidogo kidogo, jumlisha malipo yote pamoja na arubuni, uiandike jumla hiyo kando ya bei ya taslimu, kisha umpe mumeo aisome mwenyewe. Mimi sina la kuongeza hapo.

Swali langu ni jingine, nalo hukuliuliza: kwa nini futi sita?

Najua utasema kuwa siku hizi kila mtu ana sita kwa sita. Lakini hesabu ya godoro si upana peke yake. Kuna upana, kuna unene, na kuna uzito wa sponji yenyewe, na fedha yako ni moja; ukiivuta upande mmoja inapungua upande mwingine. Muuzaji analijua hilo kuliko wewe, na kwa kuwa upana huonekana kwa macho na unene husomeka kwenye karatasi, anapotaka kukupa godoro kubwa kwa bei ndogo hupunguza kile kisichoonekana, yaani sponji. Sponji hupimwa kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo. Godoro la futi sita kwa sita lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa karibu theluthi mbili za mita hiyo, kwa hivyo likiwa la sponji ya kilo 25 linapaswa kuwa na kilo 17 hivi bila kitambaa, na likiwa la sponji ya kilo 16 halifiki hata kilo 11. Kwa macho, yote mawili ni sawa. Kwa mkono pia huenda yakawa sawa, maana ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti: sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu, ukaibonyeza dukani ukaridhika, na baada ya miezi michache ikawa imekufa pale katikati mnapolala, mkawa kila usiku mnaporomokeana bondeni. Yenye uzito haifi upesi. Kwa hivyo neno othopidiki, yaani la kutunza mgongo, lililochapishwa kwa herufi kubwa kwenye nailoni lisikubabaishe. Muulize muuzaji kilo.

Nimelisema hili tangu ukiwa na kimo cha cherehani yangu, na nitalisema tena: pesa ya godoro iende kwenye sponji, isiende kwenye kitambaa. Mimi ndiye mshonaji wa nyumba hii, na ninajua kitambaa kinavyoweza kusitiri. Yale maua ya nakshi, ule ukingo wenye mkanda wa rangi ya dhahabu, na kile kishikio cha pembeni ni kazi ya nusu siku ya fundi. Kava nitakushonea mimi, la kitambaa cha pamba, lenye zipu ili livuliwe na kufuliwa. Sponji sina uwezo wa kukushonea.

Utaniambia kuwa narudi kwenye hadithi ya godoro la babako, na kweli narudi, kwa sababu wewe mwaka ule ulikuwa bwenini na umeisikia kutoka kwa ami yako Salim, ambaye huisimulia vibaya. Babako alikuwa amestaafu bandarini na kiuno kimemshika. Tukaenda duka moja la mjini, nikalibonyeza godoro la maonyesho kwa kiwiko, nikaliinua pembe, nikaliridhia: futi sita kwa sita, inchi 8, yale wanayoyaita hai densiti, yaani ya sponji nzito, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye risiti. Lililoletwa nyumbani kwa mkokoteni baada ya Maghrib lilikuwa na maua yale yale, na nailoni imelibana. Wale vijana walihema vibaya kulipandisha ngazi, na ami yako akalipiga kofi akasema, "Hili zito, basi ni zuri." Babako akataka tulilalie na nailoni yake lisichafuke. Mimi nikachukua wembe, nikafumua mshono wa pembeni kiasi cha vidole viwili. Juu palikuwa na sponji nyeupe isiyozidi unene wa kidole gumba, na chini yake vipande vipande vya kila rangi, pinki, kijani, manjano, kijivu, vimeshindiliwa na kugandishwa kwa gundi, na kimoja kilikuwa bado na uzi wa nguo uliokwama ndani yake. Nikatoa utepe wangu wa kushonea. Inchi 7.

Hapa niwe mwadilifu: sponji ya vipande si haramu. Wapo wanaoiuza waziwazi, kwa jina lake na kwa bei yake, nayo ni nzito na ngumu, na wapo wanunuzi wasiotaka nyingine. Uovu ulikuwa kuuziwa kwa jina la ile nzima. Ndiyo maana nasema hata mizani peke yake haitoshi, kwa kuwa mizani ingemuunga mkono ami yako. Upime, na ufungue.

Kilichoniuma si muuzaji. Kilichoniuma ni babako, huku ami yako akiitikia, kuniambia nistahamili, nisiwatie aibu mjini kwa kuandamana na godoro barabarani. Aibu ya nani? Yangu mimi niliyelipa taslimu? Asubuhi nilimwita mwenye mkokoteni, nikalifunga godoro kwa leso pale nilipofumua, na mimi na Rukia tukalifuata kwa miguu mpaka mlangoni pa duka, tukalilaza pale pale barazani wateja wakiingia na kutoka. Yule bwana hakuinua sauti. Alisema tu kuwa mshono umekatwa, kwa hivyo waranti haipo tena. Nikamwambia sikuja kwa waranti, nimekuja kwa risiti. Akaanza kunieleza jinsi sponji inavyonywea kwa joto la Mombasa, na hapo mzee mmoja mwenye kofia, aliyekuwa akichagua mito, akasema neno moja: "Pimeni." Nikampa muuzaji utepe apime kwa mkono wake mwenyewe. Alipima, akaugeuza utepe akapima tena, na inchi zikabaki 7. Kabla ya adhuhuri fedha zetu zilirudi zote, isipokuwa ujira wa mkokoteni wa kwenda na kurudi, ambao hajanipa mpaka leo, nami kila nikipita mbele ya duka lile huutaja kwa sauti.

Kwa fedha zile zile, katika duka jingine, tulipata la tano kwa sita lenye inchi 10, sponji nzima kutoka juu hadi chini. Piga hesabu mwenyewe: futi sita kwa inchi 8, na futi tano kwa inchi 10, sponji inayoingia humo ni karibu sawa, ila ya pili yote iko chini ya mwili wako, haiko pembeni ikisubiri wageni. Fundi wa Majengo akakipunguza kitanda futi moja, na mbao zilizobaki ndizo ile rafu ya sufuria jikoni. Godoro lenyewe babako analilalia hadi hivi leo.

Hata hivyo, kila ninapoandika haya naisikia sauti yake akisema kuwa futi ile moja bado anaidai, na haki anayo. Mwezi wa Februari, stima ikipotea usiku na feni ikasimama, watu wawili kwenye futi tano hutafutana ugomvi. Mumeo ni mrefu na hulala ametanua viwiko, nilimwona kwenye kochi letu siku ya Idi. Akija mtoto, inshallah, hatakaa kwenye kitanda chake; wewe ulilala baina yetu mpaka ulipoingia darasa la kwanza, miguu yako ikiwa kwenye mbavu zangu. Basi futi sita si anasa tupu, nakubali. Lakini futi sita za sponji nyepesi si futi sita, kwa sababu likishabonyea katikati nyote wawili mtakuwa mnalala kwenye futi tatu.

Bibi yako hakuwa na mashaka haya. Godoro lake la sufi lilishonwa kwa kipimo cha kitanda chake cha samadari, na lilipochoka lilifumuliwa, sufi ikaanikwa juani, ikachambuliwa, ikarudishwa na kuongezwa nyingine. Babako hupenda kutukumbusha kuwa ndiyo sufi iliyokuwa ikitiwa kwenye jaketi za kuokolea za melini, maana ni nyepesi na haishiki maji. Sponji ikifa haifufuliwi. Ila tunachoweza kumwiga bibi yako ni kuanza na kipimo cha kitanda. Pima ndani ya fremu, si nje ya mbao, na upime kwa inchi, kwa sababu magodoro mengine yanayoitwa ya futi sita hukatwa urefu wa inchi 75, na fundi aliyechonga kitanda kwa futi sita kamili aliacha 72. Godoro litaingia kwa kulazimishwa na kubaki limepanda juu upande mmoja. Tazama pia chaga: nafasi baina ya moja na nyingine isizidi inchi tatu, la sivyo sponji itazama humo hata ikiwa ya kilo ngapi. Na mkishalifikisha nyumbani, nailoni itolewe siku hiyo hiyo, maana jasho haliwezi kupita na kwa unyevu wetu huu kuvu huanzia chini pasipoonekana. Wewe unajua ni nani katika familia hii aliyelalia nailoni mwaka mzima ili godoro libaki jipya, simtaji.

Usisahau gharama zinazofuata. Chandarua chenu ni cha futi tano na mashuka niliyokupa ni ya futi tano, kwa hivyo futi sita itataka vingine. Dukani tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari iliyo chini yake uitume, ukiitangulizia SM#, kwa ujumbe wa simu kwa 20023 kabla hujalipa, si baada.

Umetaka niseme mnunue lipi, na nimejizuia tangu mwanzo wa barua, kwa sababu kitanda cha mke na mume hakiingiliwi na mama mkwe. Kwa hivyo sisemi. Mtakaa wawili muamue. Nitakalosema ni kuwa ukipata la sita kwa sita ambalo muuzaji yuko radhi kulifungua zipu mbele yako, akazitaja kilo na kuziandika kwenye risiti pamoja na unene, na bei ikawa ndani ya hizo 20,000 pamoja na usafiri, nunua, sina neno. Ukiona kuwa kwa bei hiyo ni lazima ushushe sponji, basi ushushe upana. Hiyo ni hesabu tu, si hukumu, ingawa babako, aliyesimama nyuma yangu akisoma, anasema ni hukumu na kwamba niliitoa tangu ukurasa wa kwanza.

Jumamosi nakwenda mtaa wa Biashara kununua zipu, kwa hivyo nitumie vipimo vya kitanda kabla ya hapo. Kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye mapazia ya Rukia kinatosha kava la futi tano. Kwa la futi sita itabidi ninunue kingine.

Mamako