Mume Wako Hana Roho Mbaya, Amechoka

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni wa kwanza kati ya watoto 11, nimezaliwa kijijini Rungwe, nimeolewa Uyole na nauza viazi. Wadogo zangu wananitegemea. Mmoja yuko kidato cha tatu shule ya serikali, kila muhula natuma ada. Mwingine ana miaka 24, analala sebuleni kwetu tangu mwaka juzi akitafuta kazi. Juzi nilikopa kikoba, dhamana friji na makochi, nikamnunulia baba mabati. Mume wangu hajui. Siku hizi anakula chumbani ili asionane na ndugu yangu. Fedha ni yangu! Nifanye nini na mwanaume mwenye roho mbaya hivi?*

Marahaba mwanangu. Kuwa wa kwanza kati ya 11 si mchezo, mgongo wako ulibeba watoto kabla hujajua kuandika. Pole sana.

Sasa, huyo mwenye roho mbaya nimemtafuta katika barua yako sijamwona. Nimemwona mwanaume anayerudi kazini jioni, anakuta godoro la shemeji limetandikwa sebuleni na shemeji mwenyewe yuko juu yake na simu. Akae wapi? Anabeba sahani yake anaingia chumbani, kimya, bila kumtukana mtu. Wenye roho mbaya hawafanyi hivyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyo kijana ana nguvu za kubeba magunia hapo hapo sokoni unapouzia.

Halafu ada. Ada gani, mwanangu? Serikali ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari, chakula cha shule, hayo yapo na changia. Lakini panda gari la Tukuyu, muone mkuu wa shule uso kwa uso, umuulize mdogo wako anadaiwa nini. Mimi naona kuna mtu kwenu anakula jasho lako kwa jina la mwanafunzi.

Kwamba fedha ni yako, kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimnyang'anyi mke alichochuma mwenyewe. Ila makochi anayokalia mume wako uliyaweka rehani kwa ruhusa ya nani? Jambo zito kuliko yote umeliandika kwa mstari mmoja, ukapita haraka.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza. Mke anaezeka kwa baba yake kwa siri, mume anajenga kwa mama yake kwa siri, watoto wao wanakulia nyumba ya kupanga. Kusaidia kwenu ni heshima, nani kalelewa huku Nyanda za Juu asijue? Lakini msaada unaofichwa mwenzio ni wizi wa ndani ya nyumba, hata kama umemnunulia baba mzazi. Na hao wadogo zako wengine wanane wako wapi? Hujaandika hata neno moja juu yao. Waite, mkae na baba, kila mmoja aseme atatoa nini.

Ila kabla ya kikao hicho anza na deni. Mwambie mume wako leo usiku, kabla wanakikundi hawajabisha hodi kufuata friji.